Jim Gray, mwanaume aliyetafuta namna kompyuta isipoteze feza za watu

Siku hizi pale Wagenia, mama wengi wanaonunua samaki kwa wavuvi hawatembei tena na kitita cha franga mu kitambaa. Wanatoa telefone, wanaandika namba, wanatia kode ya siri, na feza inahama kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Lakini mara moja moja, katikati ya kazi hiyo, rezo inakatika. Mama anabaki anaangalia telefone, mvuvi naye anaangalia yake. Feza iko wapi? Imeshatoka kwa huyu na haijafika kwa yule? Ao haijatoka hata kidogo?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini kuna mtu aliyelifanyia kazi karibu maisha yake yote. Anaitwa Jim Gray. Mu mitaa yetu ya Kisangani, Bunia, Goma ao Bukavu watu wachache wanamjua. Kwa watu wa kompyuta wa dunia nzima, jina lake ni kubwa. Alipewa zawadi ya Turing, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa katika kazi ya kompyuta. Na kifo chake ni kile ambacho watu wa mto wanakielewa bila kuelezwa: alitoka na mashua asubuhi, hakurudi, na mwili wake haujaonekana hata leo.

Utoto wa kuhamahama

James Nicholas Gray alizaliwa tarehe 12 Januari 1944 mjini San Francisco, Marekani, pembeni ya bahari ya Pasifiki. Baba yake alikuwa askari. Kisha vita, familia ilihamia Roma, Italia, na mtoto akakaa huko miaka yake ya kwanza. Ndiyo sababu alisema Kiitalia mbele ya kusema Kiingereza, sawa vile watoto wengi wa hapa wanavyosema Kiswahili na Lingala mbele ya kukutana na Kifaransa kwenye masomo. Baadaye familia ilirudi Marekani, wakakaa Virginia. Wazazi walipoachana, Jim alirudi San Francisco pamoja na mama yake, ambaye alikuwa mwalimu.

Baba yake alikuwa pia mtu wa kubuni vitu. Alitengeneza aina ya kifuko cha utepe wa mashine ya kuandikia, akapata hati ya ubunifu, na feza ikaingia. Mtoto aliona mapema kwamba wazo linaweza kuzaa kitu cha kushikika.

Jim mwenyewe alipenda kuingia katika chuo cha jeshi la anga. Alikataliwa. Mwaka wa 1961 aliingia Chuo Kikuu cha California, pale Berkeley. Mwanzo haukuwa mzuri: alama zake za kemia zilimvunja moyo, akaacha masomo miezi sita, akaenda kufanya kazi. Kazi hiyo ilimchosha kuliko masomo, akarudi. Alipata shahada ya hesabu mwaka wa 1966. Akapita Bell Labs kule New Jersey kwa muda mfupi, kisha akarudi tena Berkeley. Mwaka wa 1969 alipata udaktari. Alikuwa mtu wa kwanza kupewa udaktari wa sayansi ya kompyuta katika chuo hicho.

Kazi inatimia yote, ao haikufanyika

Mu miaka ya 1970 Gray alifanya kazi kwa kampuni ya IBM. Wakati huo Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa pia wa IBM, alikuwa ametoa wazo jipya mwaka wa 1970: habari zote za kampuni zipangwe mu meza zenye mistari na safu, sawa vile daftari la akiba. Kikundi cha watafiti wa IBM mjini San José, California, kikaanza kutengeneza mfumo wa kweli wa wazo hilo. Waliuita System R. Ni katika kazi ile lugha ya SQL ilizaliwa, lugha ambayo mpaka leo benki, hospitali na maduka makubwa wanaitumia kuuliza na kuandika habari mu kompyuta.

Wenzake walikuwa wanafikiri juu ya namna ya kuuliza habari. Gray alichukua upande mwingine, mgumu zaidi: itakuwaje kama watu elfu moja wanaandika mu daftari lile lile kwa wakati mmoja? Na itakuwaje kama umeme unakatika wakati mkono uko katikati ya kuandika?

Tuchukue mfano. Mama ana franga 100,000 mu konti. Yeye na mume wake wako pahali pawili tofauti, na kila mmoja anatoa 80,000 kwa sekunde ile ile. Kompyuta isiyo na mpango itamwona kila mmoja yuko na haki, na benki itatoa 160,000. Gray na wenzake walifanya kufuli ndani ya kompyuta: anayefika wa kwanza anafunga ule mstari, mwingine anangoja mpaka wa kwanza amalize. Tena walionyesha namna ya kufunga sehemu ndogo tu, mstari mmoja pahali pa daftari nzima, ili watu wengine wasisimamishwe bure.

Kisha alikamata wazo ambalo ndilo moyo wa kazi yake yote. Kwa Kiswahili sanifu tunaliita muamala. Kutuma feza kuna hatua mbili: kupunguza kwa huyu, kuongeza kwa yule. Gray alisema hatua hizo sherti zifungwe pamoja kama mzigo mmoja. Ao zote mbili zinafanyika, ao hakuna hata moja. Hakuna katikati. Feza haiwezi kubaki hewani.

Kompyuta inafanyaje kama umeme unakatika kati ya hatua ya kwanza na ya pili? Jibu lake linafanana na lile la muuza duka mwenye akili. Mbele ya kugusa konti ya mtu, kompyuta inaandika kwanza mu daftari la pembeni: ninataka kutoa kiasi hiki hapa, nitie pale. Daftari hilo linawekwa kwenye diski, pahali ambapo umeme ukikatika maandishi hayafutiki. Umeme ukirudi, kompyuta inasoma daftari. Kazi iliyotimia inahakikishwa. Ile iliyobaki nusu inafutwa, na kila konti inarudi namna ilivyokuwa.

Na kama feza inatoka kwa kompyuta moja kwenda kwa kompyuta ya mji mwingine? Hapo Gray alikuwa anapenda mfano wa ndoa. Padri ao mchungaji anauliza bwana kama anakubali. Anamuuliza bibi kama anakubali. Wote wawili wakikubali, ndipo anatangaza kwamba wamekuwa mume na mke. Mmoja akikataa ao akinyamaza, hakuna ndoa kwa yeyote. Kompyuta mbili zinaulizwa vile vile: uko tayari? Zote zikijibu ndiyo, amri ya mwisho inatolewa. Vinginevyo kila moja inafuta.

Kompyuta isiyosimama

Mwaka wa 1980 Gray alihamia Tandem, kampuni ya California iliyokuwa inauza mashine zenye jina la NonStop, ni kusema zisizosimama. Wateja wake walikuwa mabenki, masoko ya hisa na watu wengine ambao dakika kumi za kusimama zinawaletea hasara kubwa. Mashine ya Tandem ilikuwa na kila kitu zaidi ya kimoja. Programu inayofanya kazi ilikuwa na pacha wake upande mwingine. Wa kwanza akianguka, pacha anaendelea pale alipofikia.

Mtu wa Wagenia hahitaji masomo marefu ili aelewe jambo hilo. Wavuvi wanasimamisha miti mikubwa mu mashimo ya mawe, wanaifunga kwa kamba za pori, na wanatundika vikapu vya mdomo mpana kwenye maji makali ya maporomoko. Hawategemei kikapu kimoja. Maji yakipasua kimoja, vingine vinaendelea kukamata. Jamaa haikosi chakula juu ya kikapu kimoja. Lakini mvuvi anajua pia upande wa pili wa jambo: kama vikapu vyote vinaning'inia kwenye mti mmoja, siku mti ule unavunjika, wingi wa vikapu hausaidii kitu. Ndivyo ilivyo kwa seva. Seva mbili zilizowekwa mu chumba kimoja, zikila umeme wa waya mmoja, ni seva mbili kwa kuhesabu tu. Siku ya moto ao ya mafuriko zinakufa pamoja. Wakaaji wa Kisangani walioishi vita vya siku sita vya Juni 2000 wanajua namna hiyo: karatasi iliyo mu nyumba moja tu inateketea pamoja na nyumba.

Lakini Gray hakutosheka na kurudufisha vyuma. Alitaka kujua ni nini hasa kinachosimamisha kompyuta. Mwaka wa 1985 alitoa utafiti uliochunguza ripoti za kusimama kwa mashine za Tandem zilizokuwa kazini kwa wateja. Watu wengi walingojea asikie kwamba vyuma ndivyo vinaharibika. Kumbe vyuma vilikuwa karibu asilimia 18 tu. Mambo ya nje kama umeme na laini yalikuwa karibu asilimia 14. Programu zenye makosa zilikuwa karibu 25. Na sehemu kubwa kuliko zote, karibu asilimia 42, ilitoka kwa watu wenyewe: anayeendesha mashine akabonyeza pasipofaa, anayetengeneza akachomoa kipande kizima pahali pa kile kibovu, anayepanga akapanga vibaya.

Gray hakuwalaumu watu hao. Alichosema ni kwamba mashine itengenezwe ili mtu aiguse mara chache iwezekanavyo, na amri zake ziwe nyepesi. Anayekosea mara nyingi amepewa kazi ngumu kuliko inavyofaa.

Mu utafiti ule aliona tena jambo lingine la ajabu. Makosa mengi ya programu yanayobaki kisha majaribio ni ya kupita: yanatokea mara moja kwa bahati mbaya ya wakati, na ukirudilia kazi ile ile, hayaonekani tena. Ndiyo sababu pacha anaweza kufaulu pale ndugu yake alianguka, hata kama wote wawili wanabeba programu ile ile.

Miaka mitano baadaye, mu 1990, alirudilia hesabu hiyo. Vyuma vilikuwa vimekuwa vizuri zaidi, na matatizo ya matengenezo yamepunguka sana. Programu ndizo zilikuwa zimebaki sababu kubwa ya kusimama.

Gray ni mmoja wa wale waliozoesha watu kupima kazi hiyo kwa kuhesabu tarakimu tisa. Seva inayofanya kazi asilimia 99 ya wakati inasikika nzuri, lakini mu mwaka inasimama zaidi ya siku tatu na nusu. Ya asilimia 99.9 inasimama karibu saa tisa. Ya asilimia 99.999, ile ya tisa tano, haisimami zaidi ya dakika tano na kidogo kwa mwaka mzima. Tangu hapo, mtu akija kuuza seva, mnunuzi anaweza kumuuliza: tisa ngapi?

Nyumba moja, wapangaji wengi

Wakati wa Gray kulikuwa pia wazo lingine lililokuwa linakua IBM: kufanya kompyuta moja kubwa ijigawe, ili kila mtumiaji aone kama ana mashine yake peke yake. Ni sawa na parcelle moja yenye vyumba vingi, kila mpangaji na mlango wake na kufuli yake. IBM ilitoa mfumo wa VM/370 mwaka wa 1972, na System R yenyewe iliendeshwa juu ya mfumo huo.

Leo wazo hilo liko kila pahali. Seva nyingi za kampuni si chuma cha kushikika. Ni mashine za ndani ya mashine. Faida yake inaonekana siku chuma kinapokufa. Mpangaji anahamishwa mu nyumba ingine pamoja na vyombo vyake, mara ingine bila mteja kujua. Lakini onyo la vikapu linabaki. Kama wapangaji wote wako mu nyumba moja na hakuna nyumba ya pili, paa ikianguka wote wanalala nje. Na kuhama hakutoshi kama daftari la pembeni halikuandikwa: mashine itaamka mzima, lakini haitakumbuka nani alimlipa nani.

Picha za dunia na za nyota

Gray aliacha Tandem mwaka wa 1990, akapita kampuni ya DEC, na mwaka wa 1995 akaingia Microsoft, kwenye kituo cha utafiti kilichokuwa San Francisco. Pamoja na Mjerumani Andreas Reuter aliandika kitabu kikubwa juu ya miamala, ambacho wahandisi wengi walikisoma kama katekisimu. Zawadi ya Turing alipewa ile ya mwaka wa 1998.

Mwaka ule ule wa 1998 yeye na wenzake walifungua TerraServer, hifadhi ya picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani na satelaiti. Mtu wa kawaida, kupitia intaneti, aliweza kuona paa ya nyumba yake. Siku ya leo jambo hilo halishangazi mtu, lakini wakati ule lilikuwa jipya kabisa. Baadaye alisaidia wanasayansi wa nyota, hasa Alex Szalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kupanga habari za mamilioni ya nyota ili hata wanafunzi waweze kuzisoma bure.

Waliomjua wanamkumbuka kama mtu asiyeficha maarifa. Mwaka wa 1985 alipotoa mtihani wa kupima nguvu ya kompyuta za benki, makala ile haikubeba jina lake. Ilisambaza heshima kwa kundi zima la watu wa makampuni mbalimbali, ili isionekane kazi ya kampuni moja. Mtihani ule ndio ulifungua njia kwa baraza la makampuni lililoundwa mwaka wa 1988 ili kupima mashine kwa haki.

Mashua haikurudi

Siku ya Mungu tarehe 28 Januari 2007, Gray alitoka peke yake San Francisco na mashua yake yenye matanga, urefu karibu mita 12, yenye jina Tenacious. Alikuwa na miaka 63. Alikuwa anaelekea visiwa vya Farallon, karibu kilomita 43 kutoka mlango wa bahari, kwenda kumwaga majivu ya mama yake, yule mwalimu aliyemlea. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Usiku ulipoingia hajarudi, mke wake alitoa taarifa.

Walinzi wa pwani walitafuta kwa ndege na mashua siku nne. Hawakuona mbao, hawakuona mafuta juu ya maji, hawakusikia alama ya hatari. Walipoacha, rafiki zake hawakuacha. Satelaiti ziliombwa kupiga picha za eneo lile la bahari. Picha zikakatwa vipande vipande, zikawekwa kwenye intaneti, na maelfu ya watu wa kujitolea wakazipitia kimoja kimoja wakitafuta umbo la mashua. Mtu aliyesaidia kufungulia watu wote picha za satelaiti, sasa watu walikuwa wanamtafuta yeye mu picha za satelaiti.

Hawakumpata. Familia ilitafuta pia chini ya maji, na tarehe 31 Mei 2007 ikasimamisha kazi. Mwaka mmoja kamili baadaye, wanafunzi na wenzake walikusanyika Berkeley kumpa heshima. Sheria ilimtambua kuwa amekufa mwaka wa 2012 tu. Kwa miaka mitano familia yake iliishi ile hali ambayo jamaa nyingi za pembeni ya mto Kongo zinaijua, ya kulia mtu bila kaburi.

Kwa mtumiaji wa leo

Gray hakutengeneza M-Pesa wala Airtel Money. Kanuni alizoandika ndizo zinabeba mifumo kama hiyo. Na zinampa mtumiaji wa Wagenia, Mangobo ao Lubunga shauri moja la maana. Rezo ikikatika ukiwa katikati ya kutuma feza, usikimbilie kutuma mara ya pili. Kompyuta ya kampuni imeshaamua: ao kazi imetimia yote, ao haikufanyika. Wewe tu ndiye hujapata habari. Ukituma tena, kwake hiyo ni kazi mpya, na itakata feza mara ya pili. Angalia kwanza salio lako, muulize na anayepokea, ndipo uamue. Na ule ujumbe wa uthibitisho wenye namba usifute, kwani ndio mstari wako mu daftari lao.

Kwa wale wanaotunza madaftari ya watu wengine, centre ya afya, masomo, kooperative ya wavuvi ao likelemba la mama wa soko, mafundisho ni yale yale hata bila kompyuta. Andika mbele ya kugusa feza. Weka kopi, na kopi hiyo isilale mu nyumba ile ile. Anayeandika apewe kazi nyepesi, kwani mara nyingi kosa linatoka kwa mkono uliochoka. Na siku moja moja, mbele ya shida kufika, fungua ile kopi uone kama kweli inasomeka.